Viluwiluwi na Shingo ya Mke Wangu

Mke wangu aliacha vidonge vyake kimyakimya, na sababu yake haikuwa ujinga. Nasema hivyo mapema, kwa sababu watu wakisikia mwanamke wa Magu ameacha dawa ya hospitali hukimbilia kusema ni ushamba. Mke wangu si mshamba. Ndiye aliyekaa mlangoni mwa mashine yetu ya kukoboa mpunga wakati mimi nazunguka kutafuta mkanda na dizeli, na hajatokea mkulima wa kumdanganya kwenye kipimo.

Alikuwa na rovu. Shingo ilianza kuvimba angali ananyonyesha mtoto wetu wa mwisho, na kwa kuwa mama yake alikuwa nalo, na shangazi yake alikuwa nalo, tulilichukulia kama pua ya ukoo. Lilipoanza kumbana pumzi tukaenda hospitali kubwa Mwanza, wakalikata. Daktari alituita wote wawili, akasema kitezi chote cha shingoni kimetolewa, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya uji ameze kidonge, na iwe hivyo maisha yake yote. Mimi nilimwelewa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini masikio yangu yaliendelea.

Shida ilikuwa huku nyumbani. Kwetu, mtu anayemeza kidonge kila siku ya Mungu, majirani wanajua ana nini, au wanadhani wanajua. Watasema ana virusi. Mke wangu akavihamishia vidonge kwenye kopo la majani ya chai. Siku moja jirani yetu anayeuza dagaa akaja kuomba majani, akafungua kopo mwenyewe, kama tunavyofunguliana makopo siku zote. Hakusema neno. Alikwenda kulisemea kwingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akina mama wa jumuiya walimzunguka mke wangu kwa huruma ambayo hakuiomba. Mmoja alimshika mkono akamwambia, "Usijali mama, siku hizi watu wanaishi nayo vizuri tu." Mke wangu alirudi nyumbani akavua kitambaa cha kichwa, akakaa. Hakula.

Ndipo akapata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa na miguu. Kila mtu anajua rovu huja kwa kukosa madini joto. Serikali imetangaza, imeandikwa hata kwenye pakiti za chumvi. Sasa, ikiwa chumvi ya dukani ina madini joto, na kidonge nacho ni cha rovu, kidonge cha nini? Akanunua chumvi. Mboga zikawa hazilambiki. Nikiuliza, ananiambia, "Kula, ni dawa."

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuona. Mwanamke aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo nikawa namwamsha mimi. Jua la Mwanza mnalijua, yeye akavaa sweta, na juu ya sweta kitenge. Uso ukajaa kama uliolala machozini. Sauti ikawa nzito, akaongea polepole kama redio inayoishiwa betri. Baya kuliko yote, aliacha kunigombeza. Niliingia na matope ya jaruba la mpunga mpaka chumbani, akanitazama tu. Hapo nikajua huyu anakufa.

Ndugu yangu mmoja akaja kusema amerogwa, anamjua mganga upande wa Bujora. Nilimwambia, "Kaka, huyu mtu amekatwa kitu na daktari na ameacha kitu cha daktari. Mchawi anaingilia wapi?" Akaondoka amenuna. Lakini mke wangu mwenyewe sikumweza. Kila nikisema kidonge, anasema chumvi. Na mimi sikuwa na jibu la chumvi. Mtu akikupa hoja usiyoweza kuijibu, kelele hazikusaidii.

Nikampigia mjukuu wetu. Huyu ni binti wa mtoto wetu mkubwa, mwalimu wa baiolojia sekondari. Kwa desturi yetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo mimi namwita mke wangu, naye bibi yake anamwita mke mwenza. Alifika likizo ilipoanza, akamkuta bibi yake barazani amejikunyata.

"Shikamoo, mke mwenza."

"Marahaba."

"Kwa nini umejifunika kama gunia la pamba? Au unataka kufa uniachie huyu mzee?"

"Mchukue," mke wangu akasema taratibu. "Miguu yake inanuka na usiku anakoroma. Mchukue leo."

"Simtaki. Ameshakwisha. Kaa naye wewe, mimi nije kula tu."

Nikacheka, ila binti hakucheka sana. Alimshika bibi mkono, akamtazama kope, akamtazama shingo palipokatwa. Akaingia ndani akatoka na lile kopo. Vidonge vilikuwa vimepata unyevu, vimeshikana.

"Bibi, kwa nini umeacha hivi?"

Mke wangu alimweleza yote, huruma ya kanisani na chumvi. Binti akaanza kufundisha. Homoni, kitezi, damu. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimeambiwa mambo mengi na watu wengi. Hakuna aliyenionyesha."

Nilimwona binti anafikiri. Akanigeukia, "Babu, majaruba yana maji sasa hivi?"

"Yana."

"Viluwiluwi wapo?"

"Wapo mpaka kero."

Kesho yake akarudi na ndoo ya viluwiluwi, watoto wa chura, weusi, vichwa vikubwa na mikia, miguu bado. Akapanga mabeseni matatu barazani. La kwanza maji matupu. La pili akatia unga wa kidonge cha bibi, kidogo sana, nikaona anafanya uchoyo. La tatu alitaka kuliacha, bibi yake akasema kutoka kwenye kiti, "Weka na la chumvi yangu. Kama ni mashindano, yawe ya haki." Akatia punje chache za chumvi. Wote aliwapa mchicha uliochemshwa.

Majirani walianza kupita. Muuza dagaa alikuwa wa kwanza. "Mwalimu, mnafuga vyura? Mchele umeshuka bei kiasi hicho?"

"Ni shule, mama," binti akajibu. "Karibu darasani."

Basi mchana, nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha bati la mashine na binti amekuja kuniletea chai, nikamuuliza kile kilichokuwa kinanisumbua. Kidonge ni cha mtu. Chura kinamhusu nini?

Akaniambia kitezi alichokatwa bibi, chura anacho. Kiluwiluwi naye anacho. Wakati wa kugeuka ukifika, kitezi kinatoa homoni, homoni inazunguka mwilini mzima, inauambia mkia upotee, inaiambia miguu itoke, inaliambia tumbo lijiandae kula wadudu. Homoni ni hiyohiyo iliyomo kwenye kidonge.

"Na samaki?"

"Anacho pia. Kambale akitoka kwenye yai hafanani na kambale unayemla. Naye anageuka, ila hatumtazami. Kila chenye uti wa mgongo kina kitezi hicho, babu. Sato, kuku, ng'ombe, wewe."

"Mimi sijawahi kuwa na mkia."

"Bibi anasema bado unao."

Nilimwacha acheke. Kisha nikamuuliza nani alianza. Mimi nikiona kitu kiko kwa kila mtu, nataka kujua kilitoka wapi. Hata mashine ya kukoboa ilianzia kwa mtu mmoja huko.

Akasema katika ukoo, chini ya samaki, yupo mnyama mmoja wa baharini, mdogo, mwembamba kama jani la mpunga, hana mfupa hata mmoja, anajifukia mchangani. Naye akiwa mtoto ana umbo lingine, na anageuka kwa homoni ya jamii hiyohiyo. Kwa hiyo jambo hili lilikuwepo kabla ya mifupa. Halafu akanieleza habari ya mnyama mwingine wa baharini, mviringo mwenye miiba, anayechoma watu miguu huko pwani. Mtoto wake huelea majini akila vijimea vidogo ambavyo macho hayavioni, na ndani ya vijimea hivyo homoni imo tayari, au kitu cha kufanana nayo sana. Akishakula vya kutosha, mwili wake unapata habari kwamba chakula kipo, sasa shuka chini ugeuke.

"Kwa hiyo yeye kidonge chake kiko kwenye mboga," nikasema.

"Umepata. Na wataalamu wengi wanafikiri ndivyo ilivyoanza. Ilianza kama habari ya shibe. Baadaye sana, wanyama wa ukoo wetu wakajifunza kuitengeneza wenyewe kwa madini joto, wasingoje kuikuta kwenye chakula."

"Wanafikiri, au wanajua?"

"Wanafikiri, babu. Wana ushahidi, na bado wanabishana."

Hilo nililipenda. Mtu anayejua mpaka wa anachokijua namwamini kuliko anayejibu kila kitu.

Nikamwonyesha ziwa. Siku hiyo wale wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji, wima kama moshi wa tanuri la matofali. Wale nao huanza kama viminyoo huko chini kwenye tope, kisha wanatoka na mabawa. Nikasema hao je, nao wanameza dawa ya bibi yako?

"Hapana. Hao wana homoni nyingine kabisa. Ya kwao ilianza kwa kazi ya kujivua gamba. Kaa anavua gamba, panzi anavua gamba, na hajageuka kuwa kitu kingine, amekua tu. Wadudu baadhi wakaichukua homoni hiyohiyo ya kuvua gamba wakaipa na kazi ya kugeuka. Sisi na wao kila mmoja amefika kwa njia yake."

Nikakaa na hayo. Kanisani wapo ambao habari hizi zinawakera. Mimi hazinikeri. Mungu akichukua kitu cha kazi moja akakipa kazi ya pili, hakupungukiwa. Mimi mwenyewe viatu vyangu vya kwanza vilikuwa tairi la lori. Mashine yangu ya kwanza iliendeshwa na injini iliyotolewa kwenye mtumbwi. Anayeanza hana kitu kipya, anatazama kilichopo uani.

Na lile la kujitengenezea lilinigusa zaidi. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu kwa baiskeli mpaka kwenye mashine ya familia moja ya Kihindi, wafanyabiashara wa siku nyingi. Wakifunga, sina kazi. Wakichelewa kufungua, nachelewa kula. Nilipopata mashine yangu nilisema sasa mimi ni mtu. Ni kweli, nilikuwa mtu. Lakini siku mashine yangu ilipokufa niligundua kwamba njia ya zamani nimeshaisahau, baiskeli nimeuza, na wateja wote wananitazama mimi. Kujitegemea kuna ubaya wake huo, na sijutii. Yule wa miiba akikosa kitezi hana habari, anakula tu. Sisi tulijenga kiwanda shingoni, tukahama kwenye njia ya kula.

Kumbe wakati sisi tunazungumza, mke wangu ana yake. Asubuhi moja tulikuta beseni la kidonge limeharibika. Viluwiluwi walikuwa wamekufa karibu wote, wamepinda, mikia imenyauka na midomo haijakaa sawa. Yeye amekaa kwenye kiti chake na sweta lake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu ana uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mmeona? Ni sumu. Hicho ndicho mnataka nimeze."

Binti akainama, akachovya kidole, maji yalikuwa meupe. "Bibi, umetia vingapi?"

"Vilivyokuwa kwenye kopo."

"Vyote?"

"Dawa nzuri haiogopi kuongezwa."

Nilitaka kupasuka. Binti akaniwekea mkono kifuani. Akamwambia bibi yake, "Sawa. Leo nakupikia mimi, na chumvi yako naweka pakiti nzima. Utakula?"

"Nitakufa."

"Basi."

Mke wangu akavuta kitenge. "Rudia," akasema. "Sitagusa tena."

Binti akaenda Magu mjini akanunua vidonge vingine, akachota viluwiluwi wengine, akaanza upya mabeseni yote matatu. Mimi nilihesabu hasara nyingine kabisa. Kila siku ya kungoja mke wangu alizidi kuwa mzito. Alikuwa anasahau jina la siku. Siku moja alikaa mbele ya jiko lililozimika akingoja maji yachemke. Nilimwambia binti, "Vyura wako wakichelewa, nitamshika nimtie kidonge kwa nguvu kama ndama." Akasema, "Utamtia leo. Kesho je?"

Vyura hawakuchelewa. Wale wa beseni la pili walitoa miguu ya nyuma, kisha ya mbele, mikia ikafupika kama mshumaa. Tukawawekea jiwe la kupandia. Wakapanda, vyura kamili, wadogo kama punje ya mahindi, maana waligeuka kabla ya kukua. Beseni la maji matupu walikuwa bado wanaogelea na mikia yao. La chumvi vilevile, mikia.

Siku hiyo baraza lilijaa. Muuza dagaa alikuwepo, wale wa jumuiya walikuwepo, maana habari ya vyura wadogo kama mahindi ilishafika Kisesa. Mke wangu tulimsogezea kiti mpaka kwenye mabeseni. Aliyatazama muda mrefu, moja moja.

"Wa chumvi wamebaki," akasema.

Binti angeweza kunyamaza hapo, akashinda. Hakunyamaza. "Wamebaki sasa hivi, bibi. Siku yao ikifika watageuka, hata wale wa maji matupu. Sitaki kukudanganya."

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema, "Kumbe! Sasa si chumvi inatosha?"

Nikaona kazi yote inamwagika. Nikasimama niwaeleze, maana nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kiwanda na ya mashine. Mke wangu akainua kiganja.

"Nyamaza. Mashine nimekaa nayo mimi, wewe ukizurura." Sauti ilikuwa inakwama, ikabidi watu wasogee. "Hawa watageuka kwa sababu wana kitezi. Si ndiyo, mwalimu?"

"Ndiyo, bibi."

"Chumvi ni mpunga. Kitezi ndiyo mashine. Kidonge ni mchele uliokwisha kukobolewa." Alipumzika. "Mimi mashine yangu imeng'olewa iko jalala la hospitali. Na nimekaa hapa miezi nashindilia mpunga."

Binti akataka kuongeza jambo, akaliacha.

"Leta maji," mke wangu akasema.

"Bibi, umeshakunywa uji. Kinamezwa tumbo likiwa tupu, kesho asub—"

"Leo. Mbele ya hawa."

Binti akanitazama. Nikaleta maji mimi mwenyewe. Mke wangu akachukua kidonge akakishika juu, akamtazama muuza dagaa, si kwa hasira, akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyeleta mpunga mbichi.

"Mama, hiki ndicho ulichokiona kwenye kopo langu. Ni cha shingo. Kile ulichodhani, sicho. Na hata kingekuwa hicho, ningekimeza hapahapa, na wewe ungeniletea maji."

Akameza. Muuza dagaa aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Ni kweli, ningekuletea," na nadhani alimaanisha. Vyura wale, watoto wa majirani waliwagawana.

Haikuwa siku moja. Ilichukua wiki kadhaa uso kushuka na sweta kurudi sandukuni. Daktari alipotuona alikasirika, na alikuwa na haki. Alitueleza ilikuwa imebaki hatua fupi tu asiamke kabisa. Mke wangu alimsikiliza bila kujitetea, jambo ambalo mimi sijawahi kufanyiwa.

Sasa kila tunapokwenda Mwanza kuchukua dawa, anakaa benchi la mbele. Safari iliyopita pembeni yake alikaa mwanamke kijana wa Misungwi, bandeji bado iko shingoni, ameshika karatasi ya daktari kama mtu aliyepewa samansi.

"Mayu, mama yangu," akamuuliza kwa sauti ndogo, "na wewe ni hii? Unameza mpaka lini?"

"Mpaka wanizike."

Kijana akashtuka. Mke wangu akamsogelea, akaanza kumweleza habari ya mpunga na mchele, kwa Kisukuma, bila haraka, mikono ikienda. Kwenye dirisha la dawa wakaita jina la mke wangu. Wakaita tena. Nikainuka nikaenda kuzichukua dawa mimi, maana alikuwa hajamaliza.